Nani Aliliinua Basi la Bibi Kaduma?

Aliyesimama na aketi, aliyeketi asisinzie, na mwenye maharage jikoni akayaepue sasa hivi, maana hadithi hii ikianza haingoji mtu. Wapo watakaokuambia wameshaisikia kwingine. Waliisikia ikiwa imekonda. Hapa mtaipata na nyama yake yote na mifupa yake yote, na mwishoni kuna swali ambalo limewahi kuvuruga harusi moja na kikao kimoja cha wazee wa kanisa, na bado halijapata mtu wa kulimaliza.

Kule Makambako asubuhi ni ya ukungu na mchana ni wa upepo, na upepo wenyewe ukimkuta mtu na kofia unamwachia kichwa tu. Huko kando ya barabara ya Njombe palikuwa na chuo kidogo cha kufundisha watu kuendesha kreni. Usifikirie maghorofa. Chuo kilikuwa uwanja, banda la bati, na kreni moja kuukuu ya njano yenye mkono mrefu, waliyoiita Korongo kwa sababu ya ile shingo. Na nyuma ya uwanja palikuwa na korongo jingine, la udongo, lililochimbwa na mvua. Kwa hiyo mtu akikutuma "nenda pale kwenye korongo", ilibidi umuulize kwanza: la chuma au la tope?

Msimu huo wanafunzi walikuwa watatu, na kila mmoja alifika na kipaji chake kama mtu anavyofika bwenini na godoro lake.

Tabitha Nyagawa alifika na mikono. Alikuwa fundi cherehani kutoka Njombe, mpole wa sura ila si wa mdomo. Mguu wake ulishazoea kukanyaga huku mikono ikienda kwake na macho yakienda kwake, na siku ya kwanza alipokaa kwenye kibanda cha Korongo akazishika fimbo za kuendeshea, alisema tu, "Kumbe ni cherehani kubwa." Haukupita muda akawa anaweza kuteremsha ndoano, chuma kizito kama ndama, mpaka inasukuma kijisanduku cha kiberiti kilichoachwa wazi juu ya pipa na kukifunga, njiti zisianguke hata moja. Wapo wanaosema aliweza hata kutunga uzi kwenye sindano kwa ile ndoano. Watu hutia chumvi. Ilikuwa sindano ya kushonea magunia.

Ipyana Mwasomola naye alifika na mikono, lakini yake ilikuwa ya kupunga. Alikuwa refa wa mpira kule Tukuyu mpaka siku alipoipa timu ngeni penalti mechi ikiwa ukingoni, na tangu hapo akienda kwao hupita njia ya nyuma. "Na ilikuwa penalti," alisema kila alipoulizwa, na hata asipoulizwa. Urefa ulikwisha ila filimbi ilibaki shingoni na kadi zilibaki mfukoni. Akisimama mbele ya kreni akapunga, hata ng'ombe angeelewa: kidole juu kikizunguka, inua, kidole chini kikizunguka, shusha, mkono ukinyooka kama ubao, ganda hapo hapo ulipo.

Na Ezekia Luvanda? Huyo alifika na kimya. Alikuwa amefunga magogo juu ya malori kwenye misitu ya Mafinga tangu ujanani, na kipaji chake kilikuwa kukitazama kitu na kujua uzito wake umelala wapi. Wasomi wana jina refu la mahali hapo. Ezekia alipaita kitovu. "Kila kitu kina kitovu," alisema. "Ukikifunga penye kitovu kinapanda kimetulia. Ukikosea kinakugeukia." Siku moja alimweleza mpishi wa chuo kitovu cha uzito wake yeye mpishi kiko wapi, akapigwa mwiko. Lakini alikuwa amepata sawasawa.

Wote watatu waliweza kuendesha, wote walijua kufunga, wote walijua ishara, maana chuo kiliwafundisha yote. Lakini kila mmoja alikuwa na pale anapong'aa. Na wote walitaka kitu kimoja: leseni.

Nje kidogo ya mji kulikuwa kunajengwa maghala ya mahindi, yale ya mabati ya duara marefu kama minara, na wajenzi walikuwa wameshatamka: opareta wa kwanza kufika na leseni, kiti cha kreni ni chake. Ezekia alikitaka kiti hicho. "Miaka yote nimeishi chini ya mzigo," alisema. "Nataka kabla sijazeeka mzigo nao uishi chini yangu." Ipyana alikitaka, kwa sababu kutoka kule juu angewaona wote waliomzomea wakiwa wadogo kama siafu. Lakini Tabitha alikitaka kuliko wote, maana alikuwa hana pa kurudi. Cherehani alimwachia mdogo wake Ezelina, na Ezelina alimuaga hivi: "Dada, ukirudi na leseni nakushonea ovaroli. Ukirudi mikono mitupu, cherehani ndiyo imeshakuwa yangu. Utakuja kunipigia vifungo." Tabitha alicheka. Halafu alilala akiwaza vifungo.

Sasa shikeni jambo moja, maana hadithi yote inaning'inia hapo. Mwalimu wao, Mwalimu Mhema, mzee mwenye sauti ya mbuzi aliyekabwa, alikuwa na sheria aliyowaimbisha kila asubuhi kama wimbo wa shule.

"Amri ya kwenda?"

"Ina mwenyewe!"

"Nani?"

"Mpiga ishara peke yake!"

"Na amri ya kusimama?"

"Haina mwenyewe!"

Yaani kuinua, kushusha, kuzungusha, opareta anamsikiliza mtu mmoja tu, yule wa ishara. Lakini kusimamisha, mtu yeyote anaweza: mwalimu, mpishi, mlevi anayepita njia, mtoto mgongoni kwa mama yake kama ameshajua kusema. Ukisikia amri ya kusimama hujiulizi imetoka kwa nani. Unaganda.

Na neno lenyewe la kusimamisha lilikuwa "Basi!" Zamani lilikuwa "Simama!", lakini upepo wa Makambako una tabia ya kula vichwa vya maneno. Siku moja "simama" ilimfikia opareta ikiwa "imama", akasikia "inama", Korongo likainama, na jiko la chuo likapata dirisha la juu ambalo halikuwa kwenye mchoro. Tangu hapo Mwalimu Mhema akaamua: neno ni "Basi". Fupi, na halina kichwa cha kuliwa. Kila mtu aliona ni neno zuri. Hakuna aliyeona tatizo lake.

Siku ya mtihani ikafika. Mkaguzi alitoka mjini, Bwana Rwechungura, mtu mrefu mwenye kofia ngumu nyeupe ambayo aliishika kwa mkono mmoja tangu aliposhuka garini, kwa kuwa alishaambiwa kuhusu upepo. Mtihani haukuwa na maajabu. Kila mtu ataingia kibandani kwa zamu yake, atainua tofali kubwa la zege na kulitua ndani ya duara la chokaa, wenzake wakimfungia na kumpigia ishara. Atakayefaulu atapata leseni. Lakini ilibidi wangoje ukungu uondoke kwanza, na wamalize kabla upepo haujaamka. Juu ya mlingoti wa uwanja palikuwa na kibendera chekundu. Kikilala, fanya kazi. Kikinyooka, kunja kreni ukanywe chai.

"Nani anaanza?" Mkaguzi aliuliza ukungu ulipoanza kupasuka.

"Mimi," Tabitha akasema haraka, akapanda kibandani kabla hajapingwa. Ezekia akaokota mikanda ya kunyanyulia. Ipyana akapuliza filimbi kuijaribu. Mtihani ulikuwa bado haujaanza.

Hapo ndipo basi dogo lililokuwa likielekea Songea likasimama pembeni ya uwanja, na konda akafungua mlango akitangaza, "Kuchimba dawa! Haraka haraka, kuchimba dawa!" Abiria wakamwagika, wanaume upande huu wa miti, wanawake upande ule. Dereva, mtu mnene aitwaye Kihongosi, akavuta breki ya mkono, akajifunga mkanda ili asianguke akisinzia, akalaza kichwa kwenye usukani.

Ile breki nayo ikasinzia.

Basi likarudi nyuma polepole, kwa adabu, kama mgeni anayeaga. Likavuka majani, likapita nyuma ya banda la bati, likazama korongoni, lile la tope, makalio yakitangulia. Likakwama hapo, pua ikitazama mawingu, na kila Kihongosi alipojitingisha likateleza kidogo zaidi. Mlango ulikuwa umeegemea ukuta wa udongo. Upande wa dereva palikuwa na shimo. Mkanda ulimkaba tumbo na haufunguki.

"Msinitingishe!" alipiga kelele, ingawa hakuna aliyekuwa amemgusa.

Mwalimu Mhema akamtazama Mkaguzi. "Tumvute na basi lake."

"Kanuni hairuhusu kuinua mzigo wenye mtu ndani," Mkaguzi akasema.

"Inaruhusu kumwacha?"

Basi likateleza tena, kokoto zikamwagika chini. Mkaguzi akaishika kofia yake kwa mikono yote miwili. "Inueni," akasema. "Taratibu. Na mimi natazama."

Ezekia ndiye aliyetangulia. Abiria walishafika wakikimbia, wengine bado wanafunga vifungo, na kila mmoja alikuwa fundi. "Funga bampa! We kaka, funga kwenye bampa!" Ezekia aliwapita. Alitembea ukingoni akilitazama basi kama mtu anayemtazama ng'ombe mnadani, akauliza, "Kuna nini huko nyuma?" Bibi mmoja mwenye blanketi la mistari mabegani akadakia, "Viazi vyangu! Magunia! Na kuku wangu, mwanangu, kuku wako hai!" Huyo ndiye Bibi Kaduma. Aliliita basi lile basi langu tangu Iringa, kwa sababu mizigo yake ilikuwa mingi kuliko ya konda. "Basi, kitovu kimerudi nyuma," Ezekia alijisemea. Bampa lingeng'oka kama jino la mtoto. Alijifunga kamba kiunoni, wanaume wakaishika, akateremka ubavuni mwa basi na kupitisha mikanda chini kwa chini, mmoja mbele kidogo, mwingine nyuma kabisa. Pale mkanda ulipopita kwenye ukingo mkali wa chuma, aliinua macho. "Kamwene, bibi," akamsalimu. "Naomba hilo blanketi."

"Hili? La mdogo wangu wa Songea hili!"

"Atalipata. Linakwenda na basi."

Bibi Kaduma alilivua akinung'unika. Ezekia akalikunja, akaliweka kati ya chuma na mkanda ili mkanda usikatwe, akavutwa juu. Bila yeye kusingekuwa na cha kuinua.

Ikaja zamu ya Ipyana. Maana kutoka kibandani Tabitha hakuliona basi hata kidogo, lilikuwa limefichwa na ukingo wa korongo. Redio za chuo zilikuwa zimekufa betri tangu Pasaka. Alichokiona ni Ipyana tu, amesimama ukingoni kabisa, visigino kwenye majani na vidole vya miguu hewani, mikono yake ikisema yote. Sogeza shingo. Bado. Bado. Shusha ndoano. Ganda. Ezekia akapachika mikanda. Inua, kidogo kama unavyoinua kifuniko cha sufuria ya jirani. Waya ukakaza. Basi likakohoa, likaacha kuteleza. Bila yeye kreni ingekuwa kipofu.

Na Tabitha? Yeye alikuwa amekaa ndani ya cherehani yake kubwa, ulimi umetoka kidogo pembeni ya mdomo kama alipokuwa akishona kola. Alivuta fimbo kwa ncha za vidole. Basi lenye dereva mnene, viazi na kuku likaanza kupanda, laini, pasipo mtikisiko, mpaka Kihongosi ndani akaacha kupiga kelele na kuanza kutazama mandhari. Bila yeye mikanda ingekuwa mapambo tu.

Sasa lile tatizo la neno likaamka.

Paa la basi lilipochomoza juu ya ukingo, Bibi Kaduma alishindwa kujizuia. Akapiga kelele kwa furaha, "Basi! Basi langu!"

Tabitha akaganda.

Ipyana akazungusha kidole: inua. Tabitha hakuinua. "Nani kakuambia usimame, dada Tabi?" Ipyana akaguta.

"Nimesikia basi!"

"Basi la kupanda, si basi la kusimama!"

"Nitajuaje?"

Akaanza tena. Abiria wakaona basi lao linapanda tena, nao wakashangilia wote kwa pamoja, "Basi! Basi! Basi!" Tabitha akaganda, akaenda, akaganda, akaenda, na basi likaanza kuyumba hewani kama mtoto kwenye bembea. Kihongosi akaacha mandhari akarudia kelele. Mwalimu Mhema akatia vidole masikioni.

Ipyana alipuliza filimbi mpaka mbwa wa kijiji cha pili wakaitika. Akageuka kwa abiria, akachomoa kadi nyekundu mfukoni, ile ile aliyobaki nayo tangu urefa, akainyanyua juu. "Sikilizeni! Kuanzia sasa hiki si kile mnachokiita. Hili ni gari! Atakayelitaja lile neno, nje ya uwanja!"

"Na sisi tulioko nje ya uwanja?" konda akauliza.

"Utarudi ndani nikutoe!"

Watu wakacheka, lakini kadi ni kadi. Wakaanza kushangilia kwa adabu mpya, "Gari! Gari letu!" Kuyumba kukatulia. Tabitha akavuta. Gari likapanda, magurudumu ya mbele yakavuka ukingo, bado kidogo tu.

"Basi!"

Alikuwa Bibi Kaduma tena. Abiria wakaguna. Ipyana akapeleka mkono mfukoni akimtazama kwa ukali, na mkono wa pili bado unamzungushia Tabitha kidole: inua, inua, usimsikilize huyo. Kwa hiyo Tabitha alikuwa na amri mbili. Mwenye ishara anasema nenda. Bibi wa viazi anasema basi. Na kila mtu uwanjani alijua bibi anazungumzia gari lake.

Tabitha aliganda. Hakujiuliza imetoka kwa nani.

"Dada Tabi, we! Anashangilia kuku huyo!"

"Sishangilii mtu!" Bibi Kaduma akafoka. "Nimesema basi la kusimama, wewe Mnyakyusa wa ndizi! Blanketi langu linachomoka!"

Ezekia akainama kutazama. Ni kweli. Ule mtikisiko wa mwanzo ulikuwa umelisukuma blanketi, limebaki kwa pindo tu, na mkanda ulikuwa umeanza kulamba chuma. Nyuzi zake zilikuwa zimeanza kusimama kama nywele za paka. Ipyana, kutoka mahali alipo, asingeweza kuliona hilo. Tabitha ndiyo kabisa. Kuvuta mara moja tu, na mkanda ungekatika.

Hakuna aliyecheka. Ipyana alizungusha kidole chini. Tabitha akalilaza basi kwenye ukingo kama mama anayelaza mtoto ambaye hajalala sawasawa, akalishikilia hapo, waya umekaza. Ezekia akarudi na kamba yake kiunoni, akabadilisha mkanda, akalirudisha blanketi mahali pake na mara hii akalifunga na kamba. Kidole kikazunguka juu. Basi likapanda, likavuka, likatua uwanjani, na wanaoapa wanaapa kwamba gurudumu la kushoto lilitua katikati ya lile duara la chokaa.

Wakaukata mkanda wa Kihongosi kwa mkasi wa Tabitha, maana fundi cherehani haachi mkasi nyumbani. Dereva akashuka, akajinyoosha, akawatazama abiria wake. "Mmemaliza kuchimba dawa?"

Ilikuwa shangwe. Konda akamkumbatia Mkaguzi. Kuku wa Bibi Kaduma walikutwa wazima, na mmoja alikuwa ametaga, kwa hofu au kwa furaha. Mpishi akaweka chai. Na wakati watu wanapuliza vikombe, kibendera kikanyooka. Upepo ulikuwa umeamka.

Mwalimu Mhema akaamuru Korongo likunjwe. Tabitha akakunja shingo, akateremka, na alipogusa ardhi ndipo akakumbuka: mtihani.

"Bwana Mkaguzi," akasema, "tofali je?"

Mkaguzi alitazama kibendera. "Tofali hapana tena. Kesho asubuhi sana natakiwa Songea, na huku sirudi mpaka mvua za masika ziishe." Akaona nyuso zinavyoshuka. "Lakini nilitumwa kuona mzigo ukiinuliwa kwa usalama, na nimeuona. Tena mzigo wa maana kuliko tofali. Kanuni yangu ni hii: mzigo mmoja, leseni moja. Kwa hiyo niambieni tu. Nani ameinua?"

"Mimi," wakasema watatu kwa pamoja.

"Fimbo zilikuwa mikononi mwangu," akasema Tabitha. "Na leseni ni ya mwenye fimbo. Tena mkumbuke mliponiambia niende, nani aligoma? Ningemtii Ipyana, saa hizi tungekuwa tunaokota viazi korongoni. Na dereva."

"Fimbo ulishika, ulikuwa unakwenda wapi?" akasema Ipyana. "Gari likiwa korongoni hukuliona hata kidogo. Mimi nilikuona wewe, nikaliona gari, nikautuliza na uwanja mzima. Mpira ukichezwa vizuri watu humsahau refa. Ukiharibika ndipo jina lake hujulikana. Leo lijulikane kwa wema."

"Nyie mnavutana juu ya kitu kilichokuwa tayari kimefungwa," akasema Ezekia kwa upole. "Mngefunga bampa, mngeinua bampa. Nimeshuka shimoni mara mbili. Nani mwingine ameshuka hata mara moja?"

"Ulishuka, sawa," Tabitha akamjibu, "na blanketi ukaliacha bila kamba."

"Lilichomoka kwa kuyumba. Aliyeyumbisha nani?"

"Waliopiga kelele!"

"Na aliyewanyamazisha nani?" Ipyana akaingilia, akigongagonga filimbi yake kifuani.

"Mmemaliza?" Bibi Kaduma alikuwa amejitandaza kwenye kiti cha Mkaguzi mwenyewe, kikombe mkononi. "Blanketi la nani? Macho ya nani? Basi lilitamkwa na nani? Nami niandikeni, nitaitundika ukutani Songea."

"Wewe bibi hukusajiliwa," Mkaguzi akasema.

"Nawe mwanangu hukuona mkanda ukikatika, na umekuja kukagua."

Mkaguzi aliinywa chai yake yote bila kuweka kikombe chini. Halafu akatoa leseni mfukoni, mpya, inang'aa, imeshagongwa muhuri, pengo likiwa mahali pa jina tu. Akaiweka juu ya pipa, pale pale kilipokuwa kinakaa kile kiberiti, akaikandamiza na kofia yake isipeperuke. "Mmeshirikiana kuinua," akasema, "shirikianeni kuandika. Jina moja. Nitakapoingia garini, kitakachokuwa kimeandikwa ndicho." Akampa kalamu aliyekuwa karibu naye.

Aliyekuwa karibu alikuwa Tabitha.

Alimfikiria Ezelina na vifungo vyake. Alimtazama Ezekia, tope mpaka magotini, na Ipyana, filimbi shingoni. Wote wawili walimtazama mkono. Akainama. Abiria wakasogea, kila mmoja na jina lake mdomoni. "Tabitha! Andika Tabitha!" "Ezekia, jamani, mwenye tope!" "Refa! Refa!" Ncha ya kalamu ikagusa karatasi, ikaacha nukta moja ya wino.

"Basi!" akasema Bibi Kaduma.

Na Tabitha akaganda.

Kama bibi alikuwa anaita gari lake liondoke, au alikuwa anamsimamisha fundi, hakuna ajuaye, maana Bibi Kaduma mwenyewe alimwaga chai iliyobaki, akachukua blanketi lake, akajiendea kupanda. Lakini amri ya kusimama haina mwenyewe, na Tabitha aliifuata vilevile. Kalamu imesimama pale pale kwenye nukta, upepo unapiga, kofia nyeupe inatikisika, injini ya gari la Mkaguzi imeshawaka.

Amri ya kwenda, nayo, ina mwenyewe. Leo mwenye ishara ni wewe uliyekaa hapo ukila hadithi ya watu. Simama ukingoni, nyanyua kidole. Je, wewe ungemwambia aandike jina la nani?